Kabla ya kumkabidhi mwanao pikipiki

Ndugu msomaji, ukipita Buzuruga alfajiri, kabla jua halijatoka nyuma ya vilima vya Nyakato, utakuta eneo hilo la Manispaa ya Ilemela limekwisha amka zamani. Kwa miaka mingi mabasi yaendayo Musoma, Bunda, Tarime na Sirari yalianzia hapo, na watu wakazoea kupafanya mahali pa kuanzia safari na pa kutafutia riziki. Mama wa vitumbua amekwisha washa moto. Muuza magazeti anafungua kamba. Na pembezoni mwa barabara ya Musoma vijana wamepanga pikipiki zao, kila mmoja akitazama atashuka nani na anakwenda wapi.

Katika msafara huo wa asubuhi zimeongezeka pikipiki ndogo, zile ambazo wengine huziita skuta na wazee wetu huziita vespa, hata kama hazikutengenezwa na kiwanda cha Vespa. Zina magurudumu mafupi, mahali pa kuweka miguu mbele, na injini isiyopiga kelele nyingi. Mwalimu huenda nayo shule, muuguzi huenda nayo zamu, mfanyabiashara ndogondogo hufungia mzigo wake nyuma. Ni chombo chepesi, hakinywi mafuta mengi, na bei yake, hasa kikiwa kimetumika, haimtishi mtu wa kipato cha kawaida.

Wepesi huo huo ndio ulioleta dhana ambayo mwandishi wa makala haya ameisikia mara nyingi mno hata akaona haifai kuinyamazia. Dhana yenyewe ni kwamba pikipiki ndogo si pikipiki. Kwamba ni kama baiskeli iliyotiwa injini, na kwa hiyo leseni, bima na kadi ni mambo ya wenye magari na wenye pikipiki kubwa. Tutaona kwamba sheria haisemi hivyo. Lakini kwanza tumsikilize mama mmoja wa Buzuruga, ambaye kwa heshima yake na ya familia yake hatutamtaja jina.

Mkopo wa kikundi na skuta ya buluu

Mama huyu huuza dagaa. Kila siku mtu wa nyumbani kwake hana budi kufika mwaloni Kirumba mapema, wakati mzigo ungali mwingi na bei haijapanda. Kwa muda mrefu alitumia daladala, akalipia nafasi yake na ya gunia, akachelewa, na mara nyingine akakuta wenzake wamekwisha chagua dagaa wazuri. Zamu yake ya kupokea mkopo katika kikundi cha kuweka na kukopa ilipofika, alinunua skuta ya buluu iliyokwisha tumika, kwa ajili ya mwanawe wa pili aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani bila kazi.

Hakuna mzazi atakayemlaumu kwa nia hiyo. Alitaka mambo mawili kwa mpigo: biashara yake ipate miguu, na mwanawe apate shughuli. Muuzaji alimpa kadi ya skuta, nayo ilikuwa na jina la mtu wa tatu ambaye wote wawili hawakumfahamu. Walitia saini karatasi ya daftari, jirani akashuhudia. Kijana alijifunza kuendesha katika uwanja wa shule kwa jioni nne. Habari ya leseni ilipotajwa, muuzaji alisema kidude kidogo namna ile hakihitaji leseni. Habari ya bima haikutajwa kabisa.

Kwa miezi kadhaa mambo yalikwenda vizuri. Dagaa walifika mapema. Kijana, baada ya kumaliza kazi ya mama yake, alianza kupakia abiria mmoja mmoja kwa nauli, na jioni akaleta nyumbani shilingi elfu chache. Kisha jioni moja, mvua ikinyesha manyunyu na taa ya mbele ya skuta ikiwa hafifu, alimgonga mzee aliyekuwa akivuka barabara. Mzee alivunjika mguu juu ya goti. Kijana mwenyewe alichubuka tu.

Hapo ndipo yale yote yaliyoonekana kuwa mambo ya ofisini yalipoingia sebuleni kwa mama huyu. Kijana hakuwa na leseni ya daraja lolote. Skuta haikuwa na bima. Kadi haikuwa na jina la mama, hivyo hata kuthibitisha kwamba chombo kilichokuwa kituoni ni chake kulimchukua wiki kadhaa za kumtafuta mtu aliyeandikwa kwenye kadi. Kijana alifikishwa mahakamani, akatozwa faini. Mama alilipia matibabu ya mzee kwa fedha za dagaa, na fedha za dagaa zilipokwisha akauza kabati na kitanda cha chumba cha wageni. Mkopo wa kikundi ulikuwa bado haujamalizika.

Tulipozungumza naye, hakumlaumu askari wala hakimu. Jambo lililomuuma zaidi, alisema, ni kwamba mzee yule alikuwa mtu wa mtaa wa jirani, na kwamba mpaka leo wakikutana njiani humwona akitembea kwa fimbo.

Sheria inasema nini juu ya udogo

Usafiri wa barabarani hapa nchini unaongozwa na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, ambayo katika mpangilio wa sheria zetu ni Sura ya 168. Sheria hiyo imefanyiwa marekebisho mara kadhaa, lakini msingi wake haukubadilika: mtu haruhusiwi kuendesha chombo cha moto barabarani bila kuwa na leseni halali ya daraja la chombo hicho. Wala haikuishia kwa dereva. Mwenye chombo naye haruhusiwi kumwachia mtu asiye na leseni akiendeshe. Kwa hiyo mzazi anayetoa ufunguo anatenda kosa lake mwenyewe, mbali na kosa la mwanawe.

Je, udogo wa injini unamtoa mtu katika sharti hilo? La. Ukitazama madaraja ya leseni utaona kwamba waliotunga utaratibu huu waliifikiria hata pikipiki iliyo ndogo kuliko zote, nao wakaipa daraja lake:

Daraja A ni la pikipiki ambazo injini yake inazidi sentimita za ujazo 125, ziwe na kigari cha ubavuni au zisiwe nacho.

Daraja A1 ni la pikipiki zisizo na kigari cha ubavuni ambazo injini yake ni chini ya sentimita za ujazo 125.

Daraja A2 ni la vyombo vya magurudumu matatu au manne vya jamii ya pikipiki, ambavyo sisi sote tunavijua kwa jina la bajaji.

Daraja A3 ni la pikipiki ndogo kabisa, ambazo injini yake haizidi sentimita za ujazo 50.

Hivyo mwenye skuta ya ujazo wa 50 anahitaji leseni, na mwenye skuta ya ujazo wa 110 anahitaji leseni. Mwenye ile kubwa ya 150, ambayo kwa umbo yaweza kufanana kabisa na ndugu zake wadogo, anahitaji leseni ya daraja A. Usikisie kwa macho. Ujazo wa injini umeandikwa katika kadi ya usajili. Soma pale, kisha ulinganishe na daraja lililoandikwa katika leseni.

Yapo makosa mengine yanayofanywa hata na watu wazima wenye magari yao. Mtu mwenye leseni ya daraja B, yaani la magari madogo ya binafsi, hujiona kuwa amekwisha fuzu udereva, akapanda skuta ya mke wake kwenda dukani. Daraja B haliruhusu pikipiki. Mbele ya sheria mtu huyo akiwa juu ya skuta ni sawa na yule kijana wa dagaa.

Suala la umri pia lisifanyiwe mzaha. Kijana wa kupewa pikipiki ya kazi, ya abiria au ya mizigo, sharti awe ametimiza miaka 18. Mwanafunzi wa miaka 14 au 15 anayetumwa sokoni kwa pikipiki hana daraja lolote la leseni linalomfaa, hata kama anaendesha kwa ustadi kuliko baba yake.

Njia ya kupata leseni

Wengi huogopa njia hii kwa sababu hawajawahi kuelezwa hatua zake kwa utaratibu. Hatua zenyewe ni hizi.

Kwanza, mwombaji awe na namba ya utambulisho wa mlipa kodi kutoka Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, ambayo hupatikana kwa kutumia namba ya kitambulisho cha taifa. Kuwa na namba hiyo si sawa na kuanza kutozwa kodi ya biashara. Ni utambulisho tu.

Pili, apate leseni ya muda ya kujifunzia. Leseni hiyo hudumu miezi 3 na inampa mwanafunzi haki ya kujifunza, si haki ya kubeba abiria.

Tatu, ajifunze katika shule ya udereva inayotambulika. Wakazi wa Buzuruga hawana sababu ya kulalamika kuwa mbali, kwani chuo cha ufundi stadi cha VETA kipo Nyakato, na zipo pia shule binafsi mjini. Jambo la kuuliza kabla ya kulipa ni kama shule imesajiliwa na kama itatoa cheti. Cheti kinachouzwa bila mafunzo ni karatasi itakayomtia mwenye nacho matatani.

Nne, apimwe na Polisi, Kikosi cha Usalama Barabarani. Hupimwa ujuzi wa alama na sheria, kisha hupimwa akiwa juu ya pikipiki. Akifaulu hupewa cheti cha umahiri.

Tano, arudi TRA alipe ada, apigwe picha na kuchukuliwa alama za vidole, kisha apewe leseni. Hapo awali leseni ilidumu miaka 3. Tangu mwaka 2019 muda huo uliongezwa kuwa miaka 5. Ada hizi hupangwa upya mara kwa mara wakati wa bajeti, kwa hiyo ni vyema msomaji aulize kiwango cha siku hiyo katika ofisi yenyewe na si kwa mtu aliyesimama nje ya lango.

Juu ya huyo mtu wa langoni, tuseme kweli. Kishawishi cha kumpa fedha akuletee leseni bila kukaa darasani ni kikubwa, hasa kwa kijana anayedaiwa hesabu ya siku. Lakini jiulize: siku mwanao atakapofika kwenye makutano ya barabara na lori la mchanga likamjia kutoka kulia, yule mtu wa langoni atakuwa wapi? Leseni yapatikana kwa fedha; ujuzi wa kufunga breki mbili kwa pamoja juu ya lami yenye maji haupatikani hivyo.

Kadi, jina na karatasi ya daftari

Sasa tuje kwenye kadi. Pikipiki husajiliwa na TRA na kupewa namba inayoanza na herufi MC. Kadi ya usajili ndiyo inayoonyesha mwenye chombo, namba ya fremu, namba ya injini, na ujazo wake. Unaponunua pikipiki iliyotumika, inama uzisome namba zilizogongwa kwenye fremu na kwenye injini, uzilinganishe na zile za kwenye kadi, moja baada ya nyingine. Zikitofautiana, usiendelee, hata bei iwe nzuri kiasi gani.

Kisha umiliki uhamishwe. Kushika kadi ya mtu mwingine mkononi hakukufanyi kuwa mmiliki. Andikeni mkataba wa mauziano, mwende TRA, jina libadilishwe. Sharti hili linamlinda hata aliyeuza: pikipiki ikifanya ajali au ikitumika katika uhalifu miaka 2 baada ya kuiuza, jina la kwanza kutafutwa ni lile lililo kwenye kadi. Yule mtu wa tatu katika kisa cha skuta ya buluu, aliyekuwa amekwisha sahau kuwa aliwahi kuwa na skuta, alishtuka sana kupigiwa simu na kituo cha polisi.

Msomaji atakumbuka kwamba zamani kulikuwa na ada ya mwaka ya leseni ya chombo, iliyowasumbua wengi. Ada hiyo ilifutwa mwaka 2017 na gharama yake kuhamishiwa katika mafuta. Anayekudai stika ya ada hiyo leo anakudanganya. Hata hivyo kufutwa kwake kumewafanya baadhi ya watu waamini kwamba hakuna stika yoyote inayohitajika tena, na hilo si kweli, kwa sababu ipo bima.

Faini haimlipi mgonjwa

Wazee walisema ajali haina kinga. Msemo huu tumeuzoea kiasi cha kuufanya kisingizio. Ajali yenyewe huenda isiwe na kinga siku zote, lakini hasara yake inayo, na kinga hiyo ndiyo bima.

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamtaka kila mwenye chombo cha moto awe angalau na bima ya mtu wa tatu kabla ya kukipeleka barabarani. Mtu wa tatu ni yule asiye katika mkataba wako na kampuni ya bima: mwenda kwa miguu, mpanda baiskeli, mtu aliye katika chombo kingine. Ukimjeruhi, bima ndiyo inayosimama kulipa fidia yake. Mzee wa fimbo alikuwa mtu wa tatu.

Yafaa ieleweke vizuri bima hii haifanyi nini. Haitengenezi pikipiki yako ikiharibika, wala haikulipi ikiibiwa, wala haimtibu dereva mwenyewe. Kwa hayo ipo bima kubwa, ambayo ni ya hiari na ada yake ni kubwa zaidi. Aidha, bima ya pikipiki ya binafsi si sawa na bima ya pikipiki ya abiria. Ukikata ile ya binafsi kwa kuwa ni nafuu, kisha ukabeba abiria kwa nauli, umeitumia pikipiki nje ya masharti ya mkataba, na siku ya ajali utakuwa na mgogoro na mwenye kukukinga.

Stika za bima za kughushi zimewahi kuwaliza wengi. Siku hizi Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ina mfumo wa kuhakiki stika kwa njia ya mtandao, hata kwa simu ya mkononi. Hakiki papo hapo, kabla wakala hajaondoka.

Kuna watu husema kwamba wao wakikamatwa watalipa faini na mambo yataisha. Ni kweli kwamba mwaka 2021 Serikali ilipunguza faini ya makosa ya barabarani kwa bodaboda na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa, kwa kuwaonea huruma vijana wanaojitafutia riziki. Lakini faini huingia katika mfuko wa Serikali. Haimlipi mgonjwa, haimnunulii magongo, wala haifuti haki yake ya kukudai fidia mahakamani. Mama wa Buzuruga alikwisha lipa faini ya mwanawe siku nyingi alipokuwa bado anauza vyombo vya nyumbani.

Ukianza kubeba kwa nauli

Kubeba mzigo wako mwenyewe ni jambo moja. Kumpakia mtu kwa nauli ni jambo jingine. Pikipiki ziliingizwa rasmi katika usafiri wa abiria kwa Kanuni za Leseni za Usafirishaji za Pikipiki na Bajaji za mwaka 2010, wakati msimamizi akiwa SUMATRA. Tangu mwaka 2019 kazi hiyo ya udhibiti wa usafiri wa nchi kavu iko chini ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA. Kwa hiyo mwenye pikipiki ya kukodisha anatakiwa, pamoja na kadi, bima na leseni ya dereva, awe na leseni ya usafirishaji.

Hapa tuzungumze na wale wanaoitwa mabosi, yaani wenye pikipiki wanaokabidhi vijana na kupokea hesabu kila siku, au wanaowapa kwa mkataba mpaka kijana amalize deni na pikipiki iwe yake. Wengi wao ni wafanyakazi wa kawaida: mwalimu, karani, askari, muuguzi. Ndugu, pikipiki ni yako. Kabla ya kuuliza hesabu ni kiasi gani, uliza leseni iko wapi, nawe uione kwa macho. Uliza tena kama kijana huyo humwachia deiwaka saa za mchana, na huyo deiwaka ana leseni gani. Mkataba usiotaja nani atakata bima na nani atalipia matengenezo ya breki ni mkataba wa kuwagombanisha.

Kofia mbili, abiria mmoja

Masharti ya barabarani yenyewe hayana ugumu. Dereva avae kofia ngumu na abiria avae kofia ngumu, mikanda ya kidevuni ikiwa imefungwa. Kofia iliyotundikwa kwenye mkono wa usukani humkinga nani? Uchambuzi wa tafiti nyingi duniani uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi. Ukiona kinyaa kuvaa kofia iliyovaliwa na wengi, funga kitambaa chepesi kichwani kwanza, au nunua kofia yako. Yapo matumizi mengi ya nyumbani yasiyo na faida kama hiyo.

Abiria ni mmoja. Ule mtindo wa kupanga watu watatu au wanne, ambao vijana wameupa jina la mshikaki, ni kosa, hata kama wote ni wa familia moja na mnawahi kanisani au msikitini. Nao watoto walio chini ya miaka 9 hawapaswi kupakiwa kwenye pikipiki. Kikosi cha Usalama Barabarani kimelikumbusha jambo hili mara nyingi. Mzazi anayempandisha mtoto wa darasa la kwanza asubuhi, mbele ya tangi la mafuta, huku dereva akikimbilia safari ya pili, anahitaji kufikiri upya hata kama hakuna askari njiani.

Katika maeneo ya makazi mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa. Pombe na usukani havichanganyiki. Taa za mbele na nyuma ziwake, na dereva wa usiku avae kizibao cha kuakisi mwanga, kwani skuta ni ndogo na dereva wa lori huiona akiwa amechelewa.

Haya si maneno ya kutishana. Mwaka 2010 madaktari wa Bugando walichapisha uchunguzi wao juu ya majeruhi wa pikipiki katika jiji la Mwanza, wakaieleza hali hiyo kuwa tatizo linalochipuka la afya ya jamii. Tangu siku hizo pikipiki zimeongezeka mno. Mti uliokuwa ukichipuka wakati ule sasa una kivuli kirefu, na wanaolala chini ya kivuli hicho wengi wao ni vijana wenye nguvu za kufanya kazi.

Ulinunua gari la kazi au deni?

Tulimwacha mama wa dagaa katika taabu. Hatukumwacha hapo moja kwa moja. Ilimchukua zaidi ya mwaka kumaliza mkopo wa kikundi. Skuta ilipotoka kituoni, hakuiuza ingawa ndugu zake walimshauri hivyo. Aliifungia uani, akamwambia mwanawe kwamba haitagusa barabara mpaka mambo manne yakamilike: jina kwenye kadi, bima, cheti cha mafunzo na leseni. Kijana alikasirika, kisha akaenda kujifunza. Leo anayo leseni ya daraja A1 katika mfuko wa shati, na kofia ngumu mbili. Asubuhi huenda mwaloni. Abiria hampakii tena, kwani leseni ya usafirishaji hana na bima yake ni ya binafsi. Anasema akipata fedha ataomba.

Mama alitupigia hesabu yake mwenyewe, kwa vidole, bila kalamu. Gharama yote ya kuhamisha kadi, kukata bima, kumsomesha kijana na kumpatia leseni haikufikia nusu ya fedha alizolipa kwa jioni ile moja ya manyunyu. Na katika hesabu hiyo, alisema, hakuutia mguu wa mzee, kwa sababu mguu hauna bei.

Ewe mzazi unayesoma gazeti hili Jumapili ya leo, huenda mwanao naye amekuomba pikipiki, na huenda unazo fedha au zamu yako ya kikundi imekaribia. Hatukuambii umnyime. Pikipiki ndogo imewainua wengi katika mitaa yetu, na itaendelea kuwainua. Tunakuambia hivi: unapopanga bei ya pikipiki, panga na bei ya karatasi zake na bei ya mafunzo ya mwanao, uzifunge fungu moja. Ikiwa fedha zinatosha chombo tu na hazitoshi hayo mengine, basi bado hazijatosha. Ngoja zamu ijayo.